Thomu Imenitia Deni

Mpenzi msomaji, nadaiwa. Sidaiwi na benki wala muuza duka. Nadaiwa na mama watoto, mle mle ndani, chini ya bati moja, na deni lenyewe limetokana na kitunguu thomu. Usicheke. Nisikilize kwanza.

Kwa ambao hamjui, mwenzangu hupika pweza jioni pale karibu na kivuko, hapa hapa Pangani. Watu wakivuka kutoka Bweni wanashuka na njaa zao, wanakutana na harufu, basi, wengine nauli ya bodaboda inaishia hapo. Supu ya pweza, pweza wa nazi, na samaki wa kupaka siku samaki wakiwa wa kueleweka. Biashara ile ina siri moja tu, nayo ni thomu. Yeye hatii kwa kuonjesha kama wapishi wa hotelini. Anatwanga, kilo nzima kwa wiki, na Ramadhani inazidi.

Sasa ikafika wakati thomu ikapanda bei, ikawa inanunuliwa kwa vichwa kama mtu anayenunua vidonge. Kila jioni akirudi ananihesabia: mkaa huu, nazi hizi, pweza huyu, thomu hii. Faida iliyobaki ni ya kununua sabuni. Nami, siku hiyo nikiwa nimeshiba, nikafungua mdomo.

"Mama watoto, unahangaika na nini? Ua lote hili nyuma ya nyumba liko tupu. Nipe miezi minne tu, hutanunua tena thomu maishani mwako."

Maneno ya mtu aliyeshiba hayo. Mwenzangu akaniangalia, akaingia chumbani, akatoka na Sh. 60,000. Pesa ya upatu, bwana, zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Akaniwekea mkononi bila kuuliza swali. Laiti angeuliza hata moja!

Nikapanda gari hadi Tanga mjini, nikaingia soko la Mgandini, nikachagua thomu kubwa kubwa nyeupe, zile za kutoka China, zimejaa mkono kama vitasa vya mlango. Nikajiambia, mbegu kubwa huzaa kubwa. Nikanunua na samadi, nikamlipa kijana anilimie matuta matatu. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zinanyesha. Nikabangua vichwa, nikachomeka punje moja moja, ncha juu, kitako chini. Hilo nililijua, maana thomu haipandwi kwa mbegu za kumwaga kama mchicha. Punje yenyewe ndiyo mbegu.

Siku ya saba zikachomoza. Wiki ya tatu tuta likawa la kijani, majani yamesimama kama askari wa gwaride. Jirani akija nampitisha nyuma kwanza kabla ya kumkaribisha ukumbini. Mpaka baraza la kahawa wakaanza kuniita bwana shamba, nami nikaitika.

Kaskazi ikaja na joto lake, mnalijua. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Machi ilipofika nikawaita wote uani, mama watoto, watoto, mpaka mama mkwe ambaye alikuwa amekuja kututembelea. Nikashika shina la kwanza, nikavuta.

Chini hakuna kitu! Shina jeupe, mizizi, basi. Nikavuta la pili, la tatu, la kumi. Zote vile vile, vijitunguu maji vichanga visivyo hata kitako. Mama mkwe akasema taratibu, "Mwanangu, hii ni thomu au ni nyasi?" Mama watoto hakusema lolote. Akachukua kapu lake akaenda sokoni, akanunua thomu. Na mwanamke wa Pangani akinyamaza, mpenzi msomaji, ujue kesi imeshasikilizwa na hukumu imetoka.

Nilikaa na aibu yangu mpaka tulipopata msiba wa shemeji huko Lushoto. Tukaenda. Gari likiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda, kona kwa kona kupitia Soni, unaanza kufunga dirisha. Lushoto mjini pako kama meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda meta elfu moja joto hupungua kiasi cha nyuzi sita. Kwa hiyo sisi wa mwambao tulipofika tulikuwa tunatetemeka na vitenge vyetu kama vifaranga vilivyonyeshewa.

Siku ya pili baada ya maziko nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakuta tuta la thomu. Majani yake membamba kuliko yale yangu, wala hayakuwa na mbwembwe. Mama mmoja wa Kisambaa, mtu mzima, alikuwa anapalilia. Nikamwamkia, shikamoo mama, nikamwomba ruhusa, akang'oa shina moja akanionyesha. Kichwa hicho! Kidogo, kina rangi ya zambarau kwa mbali, punje zimebanana kama watu kwenye daladala. Nikamsimulia kisa changu. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Thomu inataka baridi, baba. Huko kwenu italala lini?"

Neno hilo ndilo lililonifungua akili. Nikafuatilia, nikauliza mabwana shamba, nikasoma, na jambo lenyewe liko hivi. Asili ya thomu ni milima ya Asia ya Kati, nchi za theluji. Kule punje inaingia ardhini kabla ya kipupwe, inalala kwenye baridi miezi, kisha majira yanapogeuka, siku zinarefuka na joto linarudi, ndipo inapopata ishara ya kujigawa punje. Isipopigwa na baridi haijui kuwa wakati umefika. Inakula samadi yako, inakunywa maji yako, inatoa majani tu. Sasa Pangani tuko usawa wa bahari, na siku yetu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipitani hata saa moja. Thomu ya China ukiipanda huku ni kama mgeni aliyekaa stendi anangoja basi lisilopita njia ile.

Ndiyo maana thomu ya nchi hii inatoka Lushoto, Mbulu mkoani Manyara, nyanda za Iringa, sehemu ambazo asubuhi watu wanavuta makoti. Na ndiyo maana nilipomaliza kuelewa nilijisikia vibaya zaidi, kwa sababu wala halikuwa kosa la samadi wala la kijana wa matuta, ambaye nilikuwa nimeshamsema sana barazani.

Yule mama akanipa vichwa vinane, akakataa pesa. Ila alinipa masharti. Panda zile punje kubwa za nje, hizi ndogo za katikati kapikie. Na kabla ya kupanda zitafutie baridi.

Baridi Pangani utaipata wapi? Kwenye friji! Tunalo dogo, la kuhifadhia pweza. Kwa faida yako, pweza akigandishwa kwanza analainika, hana haja ya kupigwa sana mawe. Basi nikaweka vichwa vyangu kwenye mfuko wa karatasi, chini kabisa kwenye mboga, si kule juu kwenye barafu, maana ikiganda imekufa. Nikaongezea na vya sokoni, vile vya zambarau vidogo, nikijaribu bahati. Wiki nane. Umeme ukikatika nazunguka friji kama mtu mwenye mgonjwa. Thomu ikanuka pweza, pweza akanuka thomu, na mwenzangu akavumilia, kimya vile vile.

Mwishoni mwa Mei, masika yanakatika na kusi imeshika, nikatoa punje, nikapanda siku ile ile. Huu ndio wakati wetu sisi wa pwani, ukitaka kujaribu. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo hata hapa unatafuta shuka usiku. Nikachimbia vidole viwili, punje na punje nafasi ya kiganja, matuta yameinuliwa ili maji yasituame, maana thomu ikilowa miguu inaoza. Nikafunika kwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ardhi ibaki na ubaridi. Kuku wa jirani nao wakayapenda yale makumbi kuliko mimi, nikafunga wavu.

Kazi kubwa ni palizi. Thomu haina majani mapana ya kufunika magugu, ukiizembea wiki mbili imemezwa. Adui mwingine ni vidudu vidogo sana, vyembamba, vya manjano, vinavyojificha kwenye makwapa ya majani na kufyonza mpaka jani linapata madoa ya fedha. Nilipiga maji ya sabuni jioni, vikapungua, havikuisha.

Lakini si nilisema majani? Hapa ndipo mambo yalipogeuka, na wala si kwa akili yangu. Jioni moja mwezi wa Julai mwenzangu aliishiwa thomu akiwa tayari ameinjika chungu. Akaingia uani na kisu, bila kuniomba, akakata majani matatu matatu kwenye kila shina, akayakatakata laini, akasubiri pweza ameiva na tui zito limeshatiwa, akayamwagia juu dakika ya mwisho, akaepua.

Msomaji wangu, mimi nimekula pweza tangu sijaota meno. Ile harufu ilikuwa thomu, lakini thomu iliyooga ikavaa nguo safi. Ina ukali mdogo, ina utamu wa mboga, na kijani kile kwenye tui jeupe kinapendeza macho. Wateja wakauliza, mama leo umeweka nini? Kesho yake wakauliza tena. Baadaye nikaja kujua kuwa Wachina wenyewe, ambao ndio wanaolima zaidi ya theluthi mbili ya thomu yote ya dunia, hupanda matuta mazima kwa ajili ya majani tu. Kumbe lile tuta langu la kwanza, ile "nyasi" ya mama mkwe, nililing'oa nikawatupia mbuzi na pesa yake ndani!

Kata jani ukiacha la katikati, litarudi. Ukikata yote kila siku, usitegemee kichwa.

Oktoba majani ya chini yakaanza kunyauka. Usingoje yakauke yote, vichwa vitapasuka ardhini. Kiasi cha nusu yakiwa ya njano, inatosha. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeacha kumwagilia. Safari hii sikumwita mtu. Nikaenda alfajiri peke yangu, nikachokonoa kwa uma wa shamba, sikuvuta.

Zilikuwepo! Ndogo, lakini zilikuwepo. Kama theluthi moja hazikugawanyika, zimekuwa kitunguu kimoja duara kama gololi. Hizo usizidharau, zinamenyeka kwa sekunde. Za yule mama wa Lushoto zilishinda za sokoni waziwazi. Nikazifunga mafungu kwa majani yake, nikazitundika jikoni juu ya meko, mahali pa kivuli penye hewa, kwa sababu unyevunyevu wa bahari yetu huotesha ukungu hata viatu. Baada ya wiki tatu ngozi ikawa kavu kama karatasi. Nikazipeleka dukani kwenye mizani. Kilo mbili na robo.

Kilo mbili na robo, miezi mitano, pamoja na wiki nane za friji. Jikoni kwa mwenzangu ni matumizi ya wiki mbili. Nilizileta nikaziweka mezani, nikakaa. Akazigeuza geuza, akanusa, akasema neno la kwanza kuhusu thomu tangu Machi: "Hizi zina nguvu."

Na kweli. Ukitaka kuona nguvu ya thomu, itwange kisha uiache kama dakika kumi kabla ya kuitia motoni. Punje nzima hainuki. Ukiipasua ndipo vitu viwili vilivyokuwa vyumba mbalimbali vinapokutana na kuzaa ule ukali. Moto ukiwahi unaua mchanganyiko kabla haujakamilika. Na usiunguze. Kitunguu maji kitangulie mafutani, kikilainika ndipo thomu na tangawizi, ugeuze mara mbili tatu, kisha nyanya au tui vipoze. Thomu ikishakuwa nyeusi ni chungu, hata ukitia nazi kumi. Kwa samaki wa kupaka mwenzangu hutwanga thomu, tangawizi, pilipili na chumvi, akakamulia ndimu, nusu anampaka samaki mbichi, nusu anachemsha na tui zito la kumpaka akiwa juu ya makaa. Kwenye pilau la nyumbani anatumbukiza vichwa vizima na maganda yake. Ukikipata sahanini unakibinya, kinatoka kama siagi. Watoto hugombania.

Sasa ngoja nikupe kituko. Zile punje ndogo za katikati zilizokaa friji na hazikupandwa, mwenzangu alizimenya akaziweka achali kwa siki na chumvi. Siku ya nne tukafungua chupa: buluu! Buluu kabisa, kama wino wa shule. Mama mkwe akarudi nyuma hatua mbili. "Hii imefanyiwa kitu." Chupa ikatolewa nje, ikakaa uani siku nzima kama mkosaji, mpaka nilipopata maelezo. Thomu iliyokaa kwenye baridi ikikutana na siki hugeuka rangi yenyewe, kwa vitu vilivyomo ndani yake, na haidhuru. Kaskazini mwa China wanaifanya makusudi, wanaila wakati wa mwaka wao mpya. Nikala punje mbili mbele ya mashahidi. Mama mkwe bado haigusi.

Kinachodhuru ni kingine, na hili nalisema bila utani. Kuna mtindo wa kutumbukiza thomu mbichi kwenye chupa ya mafuta na kuiacha kabatini wiki kadhaa. Mafuta yanafungia hewa, na kuna bakteria wa udongoni anayependa pasipo hewa, anatengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha, na inaua. Ukitaka thomu ya mafuta, tengeneza kidogo, weka friji, maliza ndani ya siku chache.

Na lingine. Kaka yangu mkubwa, mgonjwa wa presha, aliposikia nalima thomu akawa anakuja kila asubuhi kuchukua punje mbili za kumeza. Sikujua kuwa vidonge vyake ameviweka pembeni. Tulijua siku alipoanguka msalani. Alipona, namshukuru Mungu, lakini wiki ile sikulala. Thomu inaweza kuishusha presha kidogo, haichukui nafasi ya dawa aliyopewa mtu na daktari, na kwa anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, thomu nyingi inamwongezea hatari ya kutoka damu. Sasa akija namuuliza kwanza: umemeza? Ananiona askari. Na anione.

Kuhusu harufu, nyinyi wa baraza mnajua tulivyokatazwa kwenda msikitini tumekula thomu mbichi. Mswaki hausaidii sana, maana harufu nyingine inapita kwenye damu na kutokea mapafuni. Maziwa husaidia. Ijumaa mimi nala ya kupikwa, na glasi ya maziwa juu yake. Mwanangu mdogo yeye aliniuliza kama kitunguu saumu nacho kinafunga Ramadhani. Nikamwambia kinafungisha wengine midomo.

Basi mambo yamekaa hivi. Mwenzangu amekata shauri, si mimi. Vichwa ananunua Lushoto wakati wa mavuno, kwa wale wale wakwe, gunia dogo linaletwa na basi, tunalitundika juu ya meko. Matuta yangu ni ya majani, nachomeka humo kila punje ndogo iliyoanza kuota, mwaka mzima, bila friji, bila kusubiri kusi. Tuta moja nimeliacha la ubishi, la vichwa, kwa Mei. Ameliruhusu.

Ila zile Sh. 60,000 hazikusamehewa. Ana daftari lake la biashara, na ukurasa wa nyuma ameandika jina langu. Kila jioni akikata majani anakadiria thamani yake, anapunguza. Juzi nilichungulia. Limebaki 22,500, na kando ameongeza kwa kalamu nyekundu: samadi, bado.